Alichonyamazia Clarrie Ormerod

Clarrie Ormerod aliendesha basi la shule la Kurnabool kwa miaka mingi, kiasi kwamba aliwabeba watoto, wakakua wakaoa, akaja akawabeba na watoto wao. Alikuwa mtu mrefu, mwenye masikio makubwa yaliyobabuliwa na jua na mikono isiyojua ikae wapi isiposhika usukani. Watoto walimpenda kwa sababu hakuwa mtu wa kufoka. Ukitapika ndani ya basi lake alikupa ndoo na kitambaa, akasubiri upanguse mdomo, mkaendelea na safari.

Hiyo ilikuwa kazi yake ya siku za juma. Jumamosi alikuwa macho ya klabu moja kubwa ya mpira ya Melbourne, akiitafutia vijana. Kila mwaka, mwishoni mwa Novemba, klabu kubwa za nchi nzima huchagua vijana wapya, kila klabu kwa zamu yake, iliyofanya vibaya zaidi ikitangulia. Kijana akishatajwa hana hiari ya pa kwenda. Anafunga virago kuifuata klabu iliyomtaja, hata kama iko upande wa pili wa bara. Klabu ya Clarrie ilimtegemea yeye kwa eneo lote la Mallee, nchi ya ngano na mchanga mwekundu, ambako kila kijiji chenye maghala mawili ya nafaka kina uwanja wa ule mpira wao wa kudaka kwa mikono na kupiga kwa mguu, wenye umbo la yai na milingoti minne kila upande.

Nola, mkewe, alikwenda naye kila Jumamosi. Waliegesha gari pua ikielekea uwanjani, kama wafanyavyo watu wote kule, Nola akakaa ndani na blanketi miguuni, chupa ya chai kando yake na sufu mapajani. Goli likifungwa alipiga honi bila kuinua macho kwenye ufumaji wake.

"Unamwangalia yupi leo?" alimuuliza siku moja ya baridi kali.

"Yule mwembamba wa Petschel."

"Brodie? Ana miguu kama kondoo aliyetoka kunyolewa."

"Ndiyo. Lakini mtazame akikosea."

Nola aliacha kufuma akatazama. Kijana alirukia mpira, ukamponyoka, wapinzani wakauchukua. Hakumtazama mwamuzi, hakushika kichwa, hakujifanya ameumia. Aligeuka tu akaufuata mpira, akiwa tayari ameshasahau.

"Ehee," Nola alisema, akarudi kwenye sufu yake. "Huyo hata mimi ningemchukua."

Brodie alikuwa abiria wa Clarrie tangu darasa la kwanza. Shamba la Petschel lilikuwa kituo cha mwisho, nyuma ya barabara ya vumbi inayopita kanisa la Kilutheri, na kila asubuhi mtoto yule alisimama kwenye geti na begi kubwa kuliko mgongo wake, mpira kwapani. Alipofika miaka kumi na saba alikuwa anaruka juu ya vichwa vya wanaume wazima kuudaka mpira hewani, akitua kwa utulivu, kama anayeshuka ngazi za nyumbani kwao. Watu wa klabu nyingine nao wakaanza kuonekana Kurnabool wakiwa na makoti yao mazuri na viatu visivyojua tope. Clarrie aliwaona akajua kwamba si yeye peke yake tena anayemwona Brodie.

Halafu ukaja ule mwaka.

Mvua ilikuwa imeadimika kwa misimu kadhaa. Trevor Petschel, baba yake Brodie, alipanda ngano ikakauka ikiwa urefu wa kidole. Aliuza kondoo alioweza kuwauza. Waliobaki, ambao hakuna aliyewataka hata bure, aliwapiga risasi mwenyewe akawafukia kwa trekta. Alikuwa mtu mpole, mwimba besi kanisani, na baada ya siku ile ya kondoo hakuimba tena. Mwezi wa saba, asubuhi ya siku ya kazi, akajitoa uhai.

Kurnabool nzima ilijua, na Kurnabool nzima ilisema "yale mambo ya Trevor," basi. Wanawake walipeleka vyakula kwenye masinia mpaka friji la Jeanette, mjane wake, likakataa kufunga. Wanaume walikwenda kurekebisha ua ambao haukuwa umeharibika. Clarrie aliendelea kusimamisha basi kwenye geti lile, na Brodie aliendelea kupanda. Asubuhi ya kwanza baada ya mazishi, kijana aliketi kiti cha mbele kabisa, nyuma ya dereva, ambako kwa kawaida huketi watoto wadogo. Siku ya pili akaketi pale pale. Kikawa ndicho kiti chake mpaka mwisho wa mwaka.

Alikosa mechi kadhaa, kisha akarudi uwanjani. Alicheza vizuri kuliko zamani, ila hakucheka tena na wenzake. Wale watu wa makoti mazuri waliacha kuja. Mmoja alimpigia Clarrie simu, akazungukazunguka, mwishowe akauliza, "Na ile habari ya baba yake, ni kweli?" Clarrie akamwambia ni kweli. Hakupiga tena.

Wiki moja kabla ya kikao cha klabu cha kupanga majina, Clarrie alikwenda kwa akina Petschel, maana klabu ilitaka kila kijana atembelewe nyumbani. Jeanette alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Alikuwa ametandika meza kama ya mgeni wa kanisani: chai, na ile keki ya Wajerumani yenye chembechembe za sukari juu, aliyofundishwa na bibi yake. Kiti cha Trevor kilikuwa kimesogezwa ukutani na magazeti yamewekwa juu yake.

"Bwana Ormerod, niambie ukweli," Brodie alisema. "Nina nafasi?"

"Unayo."

"Nafasi kweli, au ya kunifurahisha?"

"Sijawahi kupeleka jina nikiwa na uhakika kama huu."

Kijana alitazama kikombe chake. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba, Clarrie aliona mashavu yake yakipambana na tabasamu. Kisha akasimama, akasema mbwa hawajapewa maji, akatoka.

Jeanette alimsindikiza Clarrie mpaka kwenye gari. Walipofika kivulini mwa tangi la maji alisimama.

"Nina ombi, Clarrie. Usinijibu, sikiliza tu."

"Haya."

"Waambie hafai."

Clarrie alidhani hakusikia vizuri.

"Waambie mguu wa kushoto ni mbovu. Waambie mvivu. Sema lolote, wewe ndiye wanayemsikiliza." Alimshika mkono wa shati. "Kila nikiamka naenda kwanza mlangoni kwake, nasikiliza kama anapumua. Jitu la miaka kumi na minane, nalisikiliza kama kichanga. Akiwa Melbourne nitasikiliza mlango wa nani?"

"Jeanette, mtoto anataka kwenda."

"Nimekwambia usinijibu. Mwaka mmoja tu. Mwakani nitampeleka mwenyewe, nimshike mkono mpaka kwenye hilo lango lenu."

Hakulia. Afadhali angelia, Clarrie aliwaza baadaye, kwani mtu akilia unajua la kufanya. Aliendelea tu kuushikilia mkono wa shati, na kule kwenye banda la mbwa Brodie alikuwa amesimama na ndoo, akiwatazama.

Nyumbani, Nola alisikiliza habari yote huku akimenya viazi.

"Sasa utafanyaje?"

"Nitasema nilichokiona uwanjani."

"Na ulichokiona kwenye tangi la maji?"

Clarrie alichukua kisu akaanza kumsaidia kumenya. Nola naye hakumsumbua.

Kikao kilifanyika Melbourne, katika chumba kisicho na dirisha chini ya majukwaa ya klabu. Ukutani palikuwa na ubao mkubwa wa chuma, na kila kijana alikuwa kipande kidogo cha sumaku chenye jina lake, unachoweza kukipandisha au kukishusha kwa kidole. Mkuu wa usajili alikuwa Rowan Calloway, mtu wa maneno machache, mnene, mwenye tabia ya kula sandwichi huku akitazama ubao. Kulikuwa na daktari wa klabu. Kulikuwa na Fenwick, aliyesimamia shule za mjini, kijana bado, mwenye ulimi mwepesi, na ambaye Clarrie alimpenda ingawa hawakuwahi kukubaliana juu ya kitu chochote.

Zamu ya kwanza ya klabu haikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa zamu ya pili. Majina yalibaki mawili: Brodie Petschel wa Kurnabool, na Angus Delafield, mtoto wa shule moja ya kulipia ya mjini.

"Mzee Clarrie, tuambizane ukweli," Fenwick alianza. "Huyo wako anacheza na wakulima. Nusu ya wanaomkaba wana vitambi vya bia."

"Vitambi hivyo vikikulalia ndiyo utajua mpira ni nini. Huyo wako anacheza kwenye nyasi zinazochanwa kama nywele za bibi harusi."

Watu wakacheka, hata Calloway.

"Delafield anakimbia kuliko kijana yeyote tuliyempima mwaka huu," Fenwick akasema.

"Anakimbia, ndiyo. Nilikwenda kumwona. Mpira akiukosa anamtazama kocha wake. Akiukosa tena anamtazama baba yake. Mechi nzima anatafuta mtu wa kumtazama."

"Ni mtoto."

"Wote ni watoto. Ndio tunaopewa."

Wakabishana mguu wa kushoto, wakabishana urefu, wakabishana kama mabega ya Petschel yatajaa au yatabaki ya mwanakwaya. Fenwick alileta filamu, Clarrie akaleta ya kwake. Katika ile ya Clarrie kijana alionekana akiruka kutoka nyuma ya watu watatu, akaudaka mpira kwa mkono mmoja. Calloway aliinuka, akakisogeza kipande cha Petschel juu ya kile cha Delafield. Akakiacha hapo, akachukua sandwichi nyingine. Clarrie alikuwa ameshinda, na hapo hapo akaiona sura ya Jeanette.

Ndipo daktari akakohoa.

"Kuna jambo la baba yake," akasema.

Calloway aliacha kutafuna, na daktari akaendelea.

"Sisemi ni ugonjwa wa kurithi. Hakuna ajuaye. Nasema tu kwamba wakati mwingine jambo hili hurudi ndani ya familia, na huyu tutamtoa nyumbani miezi michache baada ya msiba, tumweke kwenye nyumba ya watu asiowajua, halafu tumpigie kelele kila siku mazoezini."

"Mimi namtaka Delafield, mnajua," Fenwick alisema, safari hii polepole, bila mzaha. "Kwa hiyo msinisikilize mimi. Ila niulize tu: akifanya alivyofanya baba yake akiwa mikononi mwetu, nani katika chumba hiki ataweza kulala?"

Calloway aliweka sandwichi chini. Akamgeukia Clarrie.

"Wewe umembeba tangu mtoto. Umekaa jikoni kwao. Yuko sawa?"

Jibu Clarrie alikuwa nalo. Alikuja nalo kutoka Kurnabool, alilirudia barabara nzima akiendesha. Kwamba kijana ana huzuni, naam; kwamba mtu anayemzika baba yake asihuzunike ndiye wa kuogopwa; kwamba uwanjani Brodie anaishi zaidi kuliko mahali pengine popote. Alifungua mdomo kuyasema. Badala yake akamwona akilini Jeanette amesimama nje ya mlango wa mwanawe kwenye ukumbi mtulivu, sikio kwenye mbao, akisikiliza pumzi. Mdomo ukabaki wazi bila sauti.

Haukuwa muda mrefu. Ni kama muda wa mtu kukoroga chai. Kisha akayasema yote, kwa mpangilio, na kwa nguvu ambayo wenzake hawakuwahi kuisikia kwake. Alisema wanamhukumu mtoto kwa kaburi la mtu mwingine. Alisema kumnyima kijana huyu mpira ndiyo hatari yenyewe. Alipomaliza, Fenwick alikuwa anatazama meza.

Calloway alikwenda mbele ya ubao. Kisha akakichukua kipande cha Petschel, akakishusha, si nafasi moja, bali mpaka safu ya chini kabisa, walikokuwa wale ambao klabu haitawataja.

Baadaye ukumbini, Clarrie akivaa koti, Calloway alimfuata.

"Ulinyamaza, Clarrie."

"Nilikuwa natafuta maneno."

"Najua. Ndiyo maana nikaogopa. Tangu nikujue hujawahi kutafuta maneno juu ya kijana."

Siku ya uteuzi ilikuwa Jumapili. Baada ya ibada watu walikusanyika katika ukumbi wa klabu ya Kurnabool kusikiliza redio. Clarrie alikuwa akijua kwamba klabu yake haitalitaja jina lile, na hakuruhusiwa kumwambia mtu, hata Nola, ingawa Nola alikuwa ameshamsoma usoni. Alitamani asiende. Lakini asipokwenda ingekuwa sawa na kusema. Akabaki na tumaini moja, kwamba klabu nyingine, yoyote, hata ile ya mbali kabisa magharibi, ingekuwa na moyo ambao ya kwake haikuwa nao.

Brodie alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Wenzake walimzunguka, wakimtania.

"Ukienda kwa wale wa Perth kule magharibi, usirudi na lafudhi yao."

"Atarudi nayo, tena na mke wa huko."

Jeanette alikuwa upande wa birika kubwa la chai, akiwamiminia watu ambao vikombe vyao vilikuwa vimejaa.

Majina yakasomwa. Zamu ya pili ya klabu ya Clarrie ilipofika, watu waliisogelea redio, maana kila mtu alimjua Clarrie na kila mtu alijua jina alilolipeleka. Sauti ya redioni ikasema: Angus Delafield. Brodie hakushtuka. Aligeuza kichwa taratibu akamtazama Clarrie, kwa macho yale yale aliyokuwa akiyaleta kwenye kioo cha basi asubuhi, na Clarrie akashindwa kuyahimili.

Majina yakaendelea, na watu wakaendelea kusikiliza, kwa heshima zaidi kuliko kwa matumaini. Mwisho mtu akazima redio. Mzee mmoja akasema wamepoteza wao, na watu wakaitikia ndiyo, ndiyo, wao ndio waliopoteza. Jeanette alifunika uso kwa taulo la vyombo akalia, na wanawake wakamshika mabega wakidhani ni kwa uchungu.

Siku chache baadaye alikuja kwa akina Ormerod na chupa za jamu ya aprikoti, ya mti pekee uliozaa mwaka ule kwa sababu alikuwa akiumwagilia maji ya kuoshea vyombo.

"Sitakusahau," akamwambia Clarrie mlangoni.

"Jeanette, mimi kule sikusema..."

"Usiniambie. Nilikwambia usinijibu." Alikuwa anatabasamu, na macho yamemvimba. "Jana amelala mpaka saa mbili asubuhi. Mimi pia nimelala."

Clarrie alisimama na chupa zile kifuani. Angeweza kumwambia kwamba alimpigania mwanawe mpaka sauti ikakauka. Lakini angeuliza, kama mtu yeyote angeuliza, basi kwa nini hawakumchukua? Na jibu lake lilikuwa kwamba Trevor, siku ile ya mwezi wa saba, alimfungia mwanawe pia mlango wa klabu. Hilo hutamwambia mjane aliyelala vizuri kwa mara ya kwanza. Akasema asante. Nola akaziweka kabatini, na hakuna aliyezigusa.

Brodie alimjia siku ya mwisho ya muhula. Clarrie alikuwa anaosha basi nyuma ya gereji.

"Mama alikuomba nini siku ile kwenye tangi?"

"Aliniomba nikuangalie."

"Ukaniangalia." Kijana alikuwa amekunja ngumi ndani ya mifuko. "Watu wanasema jina langu lilikuwa juu. Kwamba mtu wa ndani alilishusha. Nani alisema siwezi?"

Maji yaliendelea kutiririka kutoka kwenye mpira wa kuoshea, yakilowesha viatu vya Clarrie. Aliona kwamba kuna watu wawili tu anaoweza kuwataja zaidi ya yeye mwenyewe. Mmoja alikuwa mama wa kijana huyu na mwingine alikuwa kaburini.

"Mimi," akasema. "Niliwaambia hujawa tayari."

Brodie alimtazama kama anayesubiri aseme anatania.

"Umenibeba kwenye basi hili tangu nina miaka mitano," akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Bora ningetembea."

"Jaribu tena mwakani, Brodie. Nitakwenda mwenyewe kila..."

Lakini alikuwa ameshageuka.

Hakujaribu tena. Januari alikwenda magharibi, kwenye machimbo ya chuma, karibu na ile klabu ya mbali ambayo haikumtaja, akiendesha malori makubwa kama nyumba. Jeanette, aliyeomba mwaka mmoja tu, hakuupata hata mwezi mzima wa mwaka mpya. Alikodisha shamba kwa jirani, akahamia kijumba karibu na kanisa, na Jumapili jioni alikaa kando ya simu. Clarrie alimwandikia Calloway kwamba macho yamechoka, anaacha kazi. Si macho yaliyokuwa yamechoka, na Calloway alijua, akampigia kumshukuru bila kumbembeleza. Delafield alicheza misimu miwili, goti likaharibika, akawa anauza nyumba.

Miaka ilikwenda. Clarrie akaacha pia kuendesha basi. Kisha Nola akaugua, ugonjwa mfupi, akafariki mwanzoni mwa majira ya baridi. Ndiye mtu pekee aliyekuwa akijua yote, na Clarrie alipomfukia alihisi amefukia pia shahidi wake.

Brodie alikuja mazishini. Alikuwa likizo, amenenepa shingo, ana ndevu na binti mdogo aliyemshika kidole. Watu walipokuwa wakinywa chai katika ukumbi wa kanisa, alikuja akaketi karibu na Clarrie, bila kukaribishwa.

"Pole, Bwana Ormerod."

"Ahsante kwa kuja."

"Mama ameniambia." Alikuwa akimtazama binti yake, aliyekuwa chini ya meza na kipande cha keki. "Mwaka jana, kwenye simu. Kwamba ni yeye aliyekuomba unishushe. Amekaa nalo miaka yote hii. Nilimfokea, Mungu anisamehe. Sikumpigia simu karibu miezi mitatu."

Clarrie alimtafuta Jeanette kwa macho. Alikuwa upande wa pili wa ukumbi, mdogo kuliko zamani, akigawa visahani. Kumbe naye alikuwa amebeba. Alibeba jambo ambalo pengine hakulitenda, au alilitenda kwa ukubwa wa kimya kimoja, na Clarrie mwenyewe hakuwahi kujua lipi ni kweli. Kama asingenyamaza, Calloway angekiacha kile kipande pale juu? Alikuwa ameliuliza swali hilo barabara zote za Mallee. Na hata sasa, ili kumwondolea Jeanette mzigo huo, angelazimika kumtwika kijana jina la baba yake.

"Mama yako aliomba," akasema. "Mimi sikumfuata. Niliamua kwa akili yangu. Kamwambie hivyo, mwambie nimekuapia."

Brodie alicheka kidogo, bila furaha.

"Yeye anasema ni yeye. Wewe unasema ni wewe. Mnagombania kitu gani?"

"Mpigie simu kila Jumapili. Hilo tu nakuomba."

"Ningeweza, lakini? Kule. Ningeweza kucheza nao?"

"Ungeweza," Clarrie alisema. "Hilo sikuwahi kulitilia shaka."

Aliposema tu akaona kwamba maneno yale hayakubaliani na yale ya kwenye gereji, na kwamba Brodie ameliona pia. Kijana alimgeukia, paji la uso limekunjamana, akataka kuuliza. Wakati huo binti yake akatoka chini ya meza na sukari usoni kote, akamvuta suruali akisema anataka kwenda nyumbani kwa bibi. Brodie akamnyanyua. Alisimama hapo kidogo na mtoto begani. Kisha akanyoosha mkono, Clarrie akaushika, na kesho yake Brodie na binti yake wakaondoka kurudi magharibi.

Clarrie aliishi baada ya hapo misimu miwili ya ngano, yote mizuri. Kila Jumatano Jeanette alimletea supu kwenye sufuria iliyofungwa kwa taulo, akaketi mpaka alipomaliza, kwa sababu peke yake alikuwa hali. Walizungumza habari za mvua, na meno ya mjukuu wake, na nani kauza shamba. Mara moja moja mazungumzo yaliisha kabla ya supu, wakabaki kila mmoja na kijiko au mikono yake, na mtu angeweza kudhani wana ugomvi. Kisha Jeanette alisimama, akaosha sufuria, akauliza kama atapenda ya dengu Jumatano ijayo, na Clarrie akasema ya dengu itakuwa nzuri.